Pikipiki zikivuma, mwalimu atasikika vipi?

Mkazi yeyote wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Makadara na Jericho hadi Umoja, Kayole na Dandora, hahitaji kuambiwa kwamba umezuka mtindo wa vijana kuyachezea mabomba ya moshi ya pikipiki zao ili zingurume. Baadhi yao hung'oa silensa kabisa na kubakisha mkono mtupu wa chuma. Wengine huitoboa au kuikata kwa msumeno. Wenye pesa kidogo hununua bomba fupi linaloigiza lile la pikipiki za mashindano. Kisha wapo wanaozima swichi na kuiwasha tena wakiwa mwendoni, ili petroli ambayo haikuungua ilipuke ndani ya bomba kwa kishindo cha risasi. Katika mitaa ambayo watu wake wameujua mlio wa bunduki halisi, huo si mchezo wa kuchekesha.

Mengi yamesemwa kuhusu mtindo huu kama kero ya barabarani. Mimi leo nataka kuuzungumzia kama suala la elimu, kwa sababu mbili. Kwanza, wanaoulipia gharama kubwa zaidi ni wanafunzi. Pili, naamini kwamba dawa yake imo mikononi mwa walimu kuliko ilivyo mikononi mwa askari.

Kabla ya kulaumu, haki itendeke. Bodaboda ilizaliwa kule Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ambako waendeshaji baiskeli waliwavusha abiria na mizigo kutoka upande mmoja hadi wa pili. Mwaka 2008 serikali yetu ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 250, chombo hiki kilienea nchini kote. Kimewaruzuku vijana wengi waliomaliza masomo wakakosa kazi. Kimewafikisha kina mama hospitalini usiku wa manane na kuwapeleka watoto shuleni penye vichochoro ambamo matatu haipiti. Kijana anayenguruma na nduthi yake barabarani ni mwanafunzi wetu wa juzi. Wengine wetu tulimfundisha. Kwa hiyo simwandiki kama adui. Namwandikia kama mtu aliyeondoka darasani kabla hatujamweleza jambo moja la maana.

Jambo lenyewe ni hili: sauti si nguvu.

Ukimwuliza kijana kwa nini ameikata silensa, atakupa mojawapo ya majibu matatu, na pengine yote kwa pamoja. Atasema kwamba pikipiki sasa ina mlio mtamu. Atasema kwamba imepata nguvu kwa kuwa moshi hauzuiwi. Atasema kwamba ni salama zaidi kwa kuwa wenye magari humsikia akija. Hilo la kwanza ni la ladha, na ladha haina mahakama. Lakini hayo mawili ya mwisho ni madai juu ya ukweli wa mambo, na madai ya namna hiyo hupimwa.

Tuanze na nguvu. Pikipiki nyingi za bodaboda, kama vile Boxer ya sentimita za ujazo 150 hivi, hutoa nguvu za farasi zipatazo 12. Injini yake ni ya mipigo minne: pistoni huvuta hewa na petroli, hubana, mchanganyiko huungua, kisha mabaki husukumwa nje. Injini inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, vali ya kutolea moshi hufunguka mara 3,000 katika dakika hiyo, yaani mara 50 kwa kila sekunde. Kila inapofunguka, hewa moto yenye shinikizo kubwa huruka ndani ya bomba kama ngumi. Ngumi hizo 50 kwa sekunde ndizo mngurumo tunaousikia.

Sasa, hewa hiyo haitoki kama maji yatokavyo kwenye mfereji. Husafiri kwa mawimbi. Wimbi linapofika mahali bomba linapopanuka, sehemu yake hurudi nyuma kuelekea kwenye injini ikiwa na shinikizo la chini, na likiwasili wakati ufaao husaidia kufyonza mabaki ya moshi kutoka kwenye silinda na kukaribisha hewa mpya. Mhandisi aliyeiunda pikipiki alipima urefu na upana wa bomba ili jambo hilo litokee katika mwendo ambao mpanda pikipiki huutumia zaidi. Anayelikata bomba kwa kukadiria kwa macho huivuruga hesabu hiyo. Mara nyingi matokeo yake ni injini kupoteza nguvu katika mizunguko ya chini, yaani pale pale ambapo mhudumu wa bodaboda huihitaji anapong'oa mwendo akiwa na abiria wawili na gunia la viazi.

Hatari haiishii hapo. Kabureta ilirekebishwa kiwandani ili ilingane na bomba lililokuja na pikipiki. Bomba likifunguliwa ovyo, mchanganyiko unaweza kuwa na hewa nyingi na petroli kidogo mno, injini ikapata joto kupita kiasi na vali zikaanza kuungua. Ile milipuko ambayo kijana huifurahia anapoachilia mafuta mara nyingi ni dalili ya ugonjwa huo. Ni kweli kwamba wanamashindano hubadilisha mabomba wakapata nguvu zaidi. Lakini wao hubadilisha bomba zima, hurekebisha kabureta, huipima injini kwa mitambo, na baada ya kazi yote hiyo faida wanayoipata huwa ndogo. Sembuse kijana wa stejini mwenye msumeno! Debe tupu, walisema wahenga, haliachi kuvuma.

Mwenye shaka na azitazame pikipiki za umeme zinazozidi kuonekana Nairobi, za kampuni kama Roam na Spiro. Hazina bomba la moshi wala mngurumo. Hata hivyo, mota ya umeme hutoa msukumo wake mkubwa tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Kama nguvu ingekuwa kelele, pikipiki hizo zisingepanda hata kilima kidogo.

Na usalama je? Mwaka 1981 nchini Marekani ilitolewa ripoti ya utafiti ulioongozwa na Harry Hurt, aliyechunguza ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles. Iligunduliwa kwamba katika zaidi ya robo tatu ya ajali hizo, hatari ilimjia mpanda pikipiki kutoka mbele yake. Bomba la moshi, kama kila mtu ajuavyo, huelekea nyuma. Sauti yake kubwa humpigia kelele mtu ambaye pikipiki imekwisha kumpita. Uchunguzi huo ulionyesha kwamba mambo yanayomfaa mpanda pikipiki ni kuonekana, kufunzwa vyema na kuvaa kofia ya chuma. Taa iliyowashwa mchana na koti linalong'aa ni ulinzi bora kuliko bomba lililotobolewa.

Basi kama faida ni hizo, hasara ni zipi? Hapa ndipo ninapowaomba walimu wanisikilize kwa makini.

Katika miaka ya 1970 kulikuwa na shule ya msingi mjini New York, iliyoitwa P.S. 98, iliyojengwa kando ya reli ya juu. Madarasa ya upande mmoja yalikabili reli, na ya upande wa pili yalikuwa mbali nayo. Gari la moshi lilipita kila baada ya dakika nne na nusu hivi, na kila lilipopita mwalimu alinyamaza. Mtaalamu wa saikolojia, Arline Bronzaft, akishirikiana na Dennis McCarthy, alilinganisha uwezo wa kusoma wa watoto wa pande zile mbili, na mwaka 1975 wakatangaza matokeo. Kufikia darasa la sita, watoto wa upande wa kelele walikuwa nyuma ya wenzao kwa muda unaokaribia mwaka mzima wa masomo. Shule ilikuwa moja na mtaa ulikuwa mmoja. Baadaye reli iliwekewa mipira ya kupunguza mshindo, na dari za madarasa zikawekewa vifaa vya kumeza sauti. Mtafiti aliporudi, matokeo yake ya mwaka 1981 yalionyesha kwamba tofauti ile imetoweka.

Ushahidi wa pili unatoka mjini Munich, Ujerumani. Mwaka 1992 uwanja wa ndege wa zamani ulifungwa na mpya ukafunguliwa mahali pengine. Watafiti waliwapima watoto wa sehemu zote mbili kabla na baada ya mabadiliko hayo. Karibu na uwanja uliofungwa, kumbukumbu na usomaji wa watoto uliboreka. Karibu na uwanja mpya, mambo hayo hayo yalizorota. Hatuhitaji ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba kelele huingia katika akili ya mtoto na kuiba kilichomo.

Eastlands haina uwanja wa ndege wa Munich, lakini ina jambo linalokaribiana nao. Mtaa kama Umoja ulianza kujengwa katika miaka ya 1970 kwa nyumba za chini zenye nafasi. Leo sehemu zake nyingi zimejaa maghorofa yaliyosongamana hata majirani wanaweza kupeana chumvi kupitia madirishani. Sauti ikiingia katika kichochoro cha namna hiyo haina pa kwenda. Hugonga ukuta huu na kurudi kwenye ule. Shule nyingi zimepakana na barabara, na madirisha yake hufunguliwa kwa sababu madarasa yana watoto wengi na joto ni kali. Mngurumo mzito wa pikipiki hupenya ukuta wa mawe, sembuse wa mabati.

Mwalimu anapoeleza sehemu ya sentensi kisha akangoja pikipiki tatu zipite, hapotezi sekunde zile tu. Hupoteza uzi wa maelezo, na watoto hupoteza umakini. Nusu ya sentensi iliyosikika haina maana bila nusu iliyomezwa. Wanaoathirika zaidi ni walioketi nyuma, wanaojifunza kusoma, na wale ambao lugha ya kufundishia si lugha ya nyumbani kwao, maana hawawezi kujaziliza kwa kukisia neno ambalo hawakulisikia. Usiku nako hakuna nafuu. Mtahiniwa anayesoma katika chumba kimoja na ndugu zake hutegemea utulivu wa usiku kama mkulima ategemeavyo mvua.

Hata mpanda pikipiki mwenyewe hasalimiki. Ndani ya kila sikio kuna chembe ndogo zenye vinyweleo, zipatazo 15,000, ambazo hutafsiri mitikisiko ya hewa kuwa sauti. Zikifa haziroti tena. Wataalamu wa afya ya kazini wanasema kwamba sikio linaweza kustahimili desibeli 85 kwa muda wa saa nane kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli tatu, muda huo upunguzwe kwa nusu. Mwanafunzi na aifanye hesabu hiyo: desibeli 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, 94 ni saa moja, na 100 ni robo saa tu. Kijana anayeketi juu ya bomba lililokatwa kutwa nzima anauza masikio yake kidogo kidogo bila kulipwa.

Historia ina kisa chenye mafunzo kuhusu jambo hili. Hiram Stevens Maxim, mzaliwa wa Marekani, ndiye aliyebuni bunduki ya rashasha katika miaka ya 1880, ile iliyotumiwa na wakoloni kuwatiisha wazee wetu na ambayo Waswahili waliiita bombomu. Alizeeka akiwa karibu kiziwi kwa sababu ya mngurumo wa silaha yake mwenyewe. Mwanawe, Hiram Percy Maxim, ndiye aliyebuni kifaa cha kunyamazisha bunduki mwanzoni mwa karne ya 20, kisha akaitumia kanuni iyo hiyo kwenye injini. Baba alitafuta nguvu akapoteza masikio, na mwana akatumia elimu kuituliza nguvu. Vijana wetu wanarudi kwa baba ilhali mwana alikwisha kuonyesha njia.

Kuna watakaoniambia kwamba Eastlands imejaa kelele za kila aina. Matatu hupiga muziki, baa hukesha, vipaza sauti vya mahubiri na vya kampeni havinyamazi, basi kwa nini kumwandama mnyonge wa pikipiki? Hoja hiyo ina uzito, nami siikwepi. Kelele zote hizo zinastahili kukemewa. Isitoshe, ni sisi watu wazima tuliomfundisha kijana kwamba anayevuma ndiye mwenye nguvu. Ni nani asiyeona wanasiasa wakisindikizwa na misafara ya pikipiki zinazolipuka, nao wakipunga mikono kwa furaha? Lakini kosa la mkubwa halimfidii mtoto asiyemsikia mwalimu wake. Wapo pia wanaopenda kusema kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Ng'ombe hanywi maji kwa masikio. Mtoto hujifunza kwayo.

Sheria ipo. Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zinataka sauti nje ya makazi isizidi desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku kwa mujibu wa kanuni hizo huanza saa mbili. Kanuni za trafiki nazo zinadai chombo chenye injini kiwe na silensa. Hata hivyo, msako peke yake haujawahi kutufikisha mbali. Mwezi Machi 2022 msako wa bodaboda ulitangazwa nchini kote, na baada ya siku chache tu ukasitishwa. Kijana akikamatwa hutafuta njia ya kujinasua, na kesho yake bomba hunguruma vile vile, kwa kuwa imani iliyomfanya alikate haijaguswa.

Ndiyo maana nawageukia walimu. Somo la mawimbi na sauti lina mfano ulio hai nje ya dirisha la darasa. Wanafunzi wa sekondari ya msingi wanaosoma sayansi na masomo ya awali ya ufundi waletewe silensa kuukuu iliyopasuliwa, waone vyumba na mirija yenye matundu ambamo mawimbi hugongana na kuuana. Wahesabu kwa juma zima ni mara ngapi mwalimu amelazimika kunyamaza, kisha wazidishe wapate dakika za muhula. Simu yenye programu ya kupimia sauti, ijapokuwa si kipimo cha mahakamani, yatosha kulinganisha pikipiki iliyo nzima na iliyokatwa. Kazi ya namna hiyo inafaa hata kupelekwa katika maonyesho ya kitaifa ya sayansi na uhandisi. Na wakishapata takwimu zao wenyewe, wanafunzi wazipeleke kwenye baraza la chifu, kwa bodi ya shule na kwa mwenyekiti wa steji iliyo karibu. Takwimu iliyokusanywa na mtoto wa mtaa ni vigumu kuipuuza kuliko karipio la mgeni.

Vyama vya steji navyo vina uwezo ambao serikali haina. Tayari vina kanuni za zamu, za michango ya wagonjwa na za nidhamu. Kiongezwe kifungu kimoja: pikipiki isiyo na silensa haipangi foleni. Mhudumu aliyetengwa na wenzake hujirekebisha upesi kuliko aliyetozwa faini.

Mafundi wetu nao wasisahauliwe. Wakati mwingine silensa hung'olewa kwa sababu imeliwa na kutu na mpya ni ghali. Hilo si kosa la tabia, ni upungufu wa soko, na soko hilo ni la jua kali. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 ndiyo iliyoifumbua dunia macho kuhusu umuhimu wa sekta hii ya Kenya, na mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji na kuagiza wajengewe vibanda. Mikono inayofua masanduku na sufuria Kamukunji, na inayochomelea vyuma Kariobangi, haishindwi kutengeneza silensa nzuri kwa bei nafuu. Inachohitaji ni michoro na vipimo, na hapo ndipo walimu na wanafunzi wa vyuo vya ufundi wanapopaswa kuvuka barabara wakae na fundi. Kama kijana anataka mlio wa kipekee, fundi mwenye elimu anaweza kumpa mlio mzito wa kupendeza ambao haumwamshi mtoto mchanga wa ghorofa ya nne.

Nawaambia wanafunzi, hasa wale wanaozitamani pikipiki hizo wakiwa bado na sare za shule: siku mtakapokaa kwenye usukani, kumbukeni kwamba injini iliyotulia ndiyo iliyotunzwa. Wazee wetu hawakuwahi kuona pikipiki, lakini waliijua siri yake. Walisema kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama, na kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Naam, mshindo tunaouhitaji katika mitaa ya Eastlands ni ule wa watoto kusoma, kuelewa na kufaulu. Huo hautatoka katika bomba la moshi.